Kufufua Honda CG125 ya zamani: breki kwanza, injini baadaye, rangi mwisho

Niliikuta imeegemea ghala la mahindi karibu na Maseno, kuku wamelala kwenye kiti, magurudumu yamezama ardhini hadi kwenye rimu. Mwenyewe alikuwa mwalimu, alishafariki. Mjane wake alinipa chai kwanza, kisha tukaenda kuitazama.

"Mama, ilisimama lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwalimu augue, mwanangu. Na hata siku hiyo haikukataa kuwaka. Yeye ndiye aliyeshindwa kuikanyaga."

Tangu hapo nimefufua kadhaa, zangu na za marafiki, na kosa ninaloliona kila mara ni moja. Mtu ananunua pikipiki ya zamani leo, kesho yuko kwa mpaka rangi. Tanki linang'aa kabla ya mtu yeyote kujua kama breki zinashika. Mimi nafuata mpangilio mwingine, na mwongozo huu wote unaufuata: kwanza isimame, kisha iende, mwisho ipendeze. Ukigeuza mpangilio huo utapaka rangi mara mbili, na huenda ukaumia mara moja.

Kwa nini CG125

Unaweza kufufua chochote, Yamaha DT au AG100 zilizokuwa za maafisa wa kilimo, lakini kwa anayeanza huku kwetu namshauri aanze na Honda CG125. Ilitoka katikati ya miaka ya 1970, na Honda waliichora kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mzigo mkubwa na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Injini yake ya cc 124 hufungua valvu kwa fito ndefu zinazosukumwa kutoka chini, kwa hiyo haina ile cheni ya ndani inayolegea na kupiga kelele. Ni injini ya mtu anayetaka kujifunza, kwa sababu kila kitu kinaonekana.

Sababu kubwa zaidi iko dukani. Viwanda vya China viliinakili injini hii, na nakala zake ndizo zilizo ndani ya pikipiki nyingi za boda boda. Ukiona 156FMI imegongwa ubavuni mwa injini, 56 ni upana wa silinda kwa milimita na hiyo kwa kawaida ni nakala ya 125. 162FMJ ni ile ya 150. Maana yake ni kwamba gasketi, klachi, ringi na kebo utazipata Kondele, Luanda, Mbale au Bungoma bila kuagiza Nairobi. Lakini chukua kipande cha zamani mkononi ukilinganishe pale pale kaunta. Nyingi zinaingia, si zote.

Kabla ya kutoa pesa

Anza na karatasi. Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo, pale usukani unapozunguka, na ya injini iko kwenye mwili wa injini upande wa chini. Futa uchafu, zisome zote mbili, uzilinganishe na logibuku. Namba iliyosagwa au kugongwa upya, achana nayo, hata kama bei ni ya bure.

Kama mwenyewe amefariki, kama ilivyokuwa kwangu, hakuna mkato. Familia inahitaji hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani ndipo umiliki uhamishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mama alikuwa ameihifadhi logibuku ndani ya Biblia, safi kama mpya, lakini hiyo pekee haikutosha. Tulikwenda kwa chifu, tukaenda mahakamani, tukangoja. Sikuifungua hata nati moja kabla jambo hilo kwisha, na nakusihi nawe usifungue.

Kisha tazama chuma. Pitisha kidole chini ya shingo la fremu na mahali mkono wa nyuma unaposhikana na fremu. Ufa hujionyesha kama mstari wa kutu chini ya rangi. Pikipiki iliyofanya kazi ya boda mara nyingi imechomelewa hapo, na uchomeleaji wa haraka ni sababu nzuri ya kuondoka. Sukuma kiki chini kwa mkono: ikishuka kwa ugumu, silinda bado ina pumzi, yaani inabana hewa. Ikigoma kabisa usikate tamaa. Mimina mafuta laini kwenye tundu la plagi, iache siku tatu nne, kisha tikisa gurudumu la nyuma ikiwa kwenye gia ya juu. Ya mwalimu ilifunguka siku ya tano.

Kufungua

Nunua trei za mayai. Kila tundu weka bolti za sehemu moja na uandike pembeni kwa kalamu zilikotoka. Piga picha kila hatua, hasa njia ya nyaya na kebo, maana baada ya miezi miwili hutakumbuka kama kebo ya klachi ilipita kulia au kushoto kwa shingo.

Skrubu za Kijapani zinafanana na zile za alama ya msalaba tulizozoea lakini mkato wake ni tofauti kidogo, ndiyo maana vichwa vyake huliwa. Tumia bisibisi ya kugonga: unaipiga nyundo nayo inajizungusha yenyewe. Za mitumba zinapatikana soko la Kibuye siku ya Jumapili ukifika mapema, pamoja na spana za milimita za chuma kizuri kuliko mpya nyingi za bei rahisi. Zilizoshika kutu zipashe joto kabla ya kutumia nguvu. Bolti ikikatikia ndani ya alumini, mpelekee fundi wa kukereza aitoboe katikati. Usijaribu mwenyewe kwa msumari.

Isimame

CG nyingi zina breki za dramu mbele na nyuma. Fungua magurudumu, na lile vumbi jeusi lililo ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Mabamba ya zamani yalitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha kitupe.

Bamba lililobaki na milimita 2 au pungufu limekwisha. Ndani ya dramu pitisha ukucha: ukiguswa na ukingo, dramu imelika na inahitaji kukerezwa, ila kuna kikomo, na mara nyingi kipimo cha juu kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Fimbo ndogo inayofungua mabamba huganda kwa kutu. Itoe, isafishe kwa msasa, ipake grisi kidogo sana, maana grisi ikifika kwenye bamba umeharibu kazi yote. Kebo ya breki ya mbele nunua mpya, usiunge.

Ukishafungua gurudumu uko karibu na mengine, yamalize. Zungusha beringi kwa kidole: ikikwaruza badilisha kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwake. Gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyokaza hulia, iliyolegea hubwata. Tairi ina tarakimu nne za tarehe, 2319 kwa mfano ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa muongo mzima kivulini bado ni mpira mzee, hata kama kashata zake, yale meno yake, zimejaa.

Shingo la fremu lina mipira midogo ya chuma juu na chini. Tandika kitambaa kabla ya kufungua, uihesabu inapoanguka, kisha nunua yote mpya. Ukikosa kufanya hili, usukani utakuwa na kijishimo katikati na pikipiki itakuyumbisha kwenye mwendo. Badilisha pia oili ya foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele; ile niliyoitoa ilikuwa nyeusi na nzito kama molasi ya Muhoroni.

Cheni ya CG ni 428. Ibadilishe pamoja na sproketi zake zote mbili. Cheni mpya juu ya meno ya zamani huliwa kwa wiki chache.

Iende

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nililipa karo.

Fungua kifuniko cha valvu, zungusha injini hadi alama ya T ilingane na mstari na fito zote mbili ziwe huru. Nafasi ya valvu ni milimita 0.08 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Ikiwa haina nafasi, valvu haifungi, inaungua. Ikizidi, utasikia kelele ya cherehani. Kabla ya kuamua kubomoa injini nzima, rekebisha hapo, weka plagi mpya yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7, badilisha oili, uijaribu. Injini nyingi zinazosemwa zimekufa zina valvu zilizokaza na kabureta chafu tu.

Ikiwa inatoa moshi wa bluu na pumzi ni ndogo, toa silinda. Honda walitengeneza pistoni za kuzidi ukubwa kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75 na milimita 1.00. Silinda hukerezwa kulingana na pistoni. Sasa sikiliza. Mara ya kwanza nilipeleka silinda kwa karakana moja mjini bila pistoni, nikawaambia tu "nipanulie hamsini." Wakapanua. Nikaunganisha, ikawaka vizuri, nikaenda nayo kilomita kama mia nikiwa mwenye furaha. Baada ya Awasi, barabara ilipoanza kupanda kuelekea Kericho, injini ilikaza ghafla na gurudumu la nyuma likafunga. Mkono wa kushoto ulivuta klachi kabla ya akili kuelewa, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Nafasi kati ya pistoni na ukuta ilikuwa ndogo mno. Pistoni ilipopata joto ikavimba na kushika. Kwa hiyo: nunua pistoni kwanza, mpe fundi mkononi, aipime kwa maikromita, na umtajie nafasi unayotaka. Kwenye injini hii ni sehemu chache tu za mia za milimita. Fundi ambaye hana maikromita si wa kazi hiyo, hata kama anasifiwa na mtaa mzima.

Ukiwa ndani, fungua kifuniko cha upande wa klachi. CG haina kichujio cha karatasi. Ina wavu wa chuma na kikombe kinachozunguka mwishoni mwa shafti kuu, na uchafu hutupwa kwenye kuta zake kwa nguvu ya mzunguko. Watu hubadilisha oili miaka kumi bila kukifungua kikombe hicho. Cha mwalimu kilikuwa na matope magumu kama lami. Nilikikwangua kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi. Oili ni karibu lita moja. Tumia ya pikipiki, 20W-50 inatufaa kwa joto la Kisumu. Usitie zile za magari zenye dawa ya kupunguza msuguano, kwa sababu klachi inaogelea humo humo na itaanza kuteleza.

Tanki lenye kutu lijaze siki, au maji yenye asidi ya limau inayouzwa kwa unga, ukiwa umeziba mdomo wa chini. Tia konzi ya nati ndogo, tikisa asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kupikia, suuza tena, likaushe juani mara moja, kisha pakaza ndani petroli iliyochanganywa na oili kidogo ili kutu isirudi usiku huo huo. Na hesabu zile nati zinapotoka. Kama linavuja, usikubali lichomelewe likiwa na harufu ya petroli. Mvuke wake hulipuka kuliko petroli yenyewe. Lioshwe, lijazwe maji hadi karibu na tundu, ndipo moto usogee.

Kabureta: kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze polepole ukihesabu mizunguko, uandike. Toa jeti zote mbili, vile vipande vyenye tundu dogo la kupitishia petroli, uzitazame dhidi ya mwanga. Tumia dawa ya kusafishia na upepo wa kompresa, kamwe si waya, kwa sababu tundu likipanuka nusu ya unywele tu pikipiki itaanza kulewa petroli. Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, Kericho iko karibu 2,000, na ukienda Timboroa umekaribia 2,750. Huko juu hewa ni nyepesi lakini jeti inaendelea kutoa petroli ile ile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito na plagi inakuwa nyeusi. Ukiipangia kabureta ziwani, ipange iwe sawa, plagi ya rangi ya kahawia, wala usiisukume upande wa uzito. Ukiishi Nakuru, ipangie Nakuru, lakini ujue kwamba ukishuka kuja huku mchanganyiko utakuwa mwepesi.

Umeme nausema kwa ufupi. Za awali ni volti 6 na pointi, mwanya wake milimita 0.3 hadi 0.4, za baadaye ni volti 12 na CDI, kisanduku kinachowasha cheche bila pointi. Usichanganye balbu wala betri. Kwa ya volti 12, multimita kwenye betri injini ikizunguka kwa kasi isome kati ya 13.5 na 14.5. Matatizo mengi ya taa ni waya wa ardhi ulioungwa juu ya rangi. Kwangua hadi chuma kionekane.

Ipendeze

Sasa umefika unakotaka kufika. Lakini uliza kwanza utapita wapi. Picha za pikipiki zilizokatwa mkia na matairi manene zinavutia, ila zilitengenezwa kwa lami kavu. Mimi napita uwanda wa Kano, na udongo mweusi wa kule ukinyesha hujaza nafasi kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Kwa hiyo badiliko la kwanza nililofanya ni kuinua madigadi ya mbele, kulifunga chini ya daraja la foku badala ya kulikumbatisha tairi. La pili, tairi za kashata kubwa zenye ukubwa ule ule wa rimu. La tatu, hendeli pana kidogo. Kumbuka hendeli ikipanuka kebo zote zinakuwa fupi. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili injini ikiwaka, na kama mlio unapanda, kebo ya akseleta inavutwa. Iongeze urefu kabla ya kutoka langoni.

Kiti nilichongesha upya kwa fundi wa viti vya boda boda pale Kibuye, sponji mbili, ngumu chini na laini juu, ngozi ya kahawia yenye mshono mnene. Bati la chini nilibaki na lile lile la mwalimu. Fremu sikuikata, na sikushauri uikate. Sehemu ya nyuma hubeba shoku na abiria, na ukikata leo hutaweza kurudisha kesho. Acha pia taa za kugeukia, vioo viwili na kibao cha namba kinachosomeka.

Rangi ina siri moja tu, nayo ni subira na msasa. Namba 180 kuondoa ya zamani, 240 kulainisha, rangi ya msingi, 400 kwa maji, ikauke, ndipo rangi yenyewe kwa tabaka nyembamba tatu. Rangi ya uwazi inayochanganywa na dawa ya kukazia ina sumu ya mapafu. Vaa barakoa yenye vichujio, kitambaa hakitoshi. Paka asubuhi, ndani, umefunga madirisha ya upande wa ziwa. Wale wadudu wadogo wanaofumka majini kama moshi hufuata mwanga jioni, na nilishawahi kuamka nikakuta tanki limeota ndevu. Ukibadilisha rangi kutoka ile iliyo kwenye logibuku, ijulishe NTSA. Mimi nilirudisha nyekundu ile ile.

Barabarani

Leseni ya daraja A2, bima, helmeti yako na ya abiria, jaketi za kuakisi, abiria mmoja. Hiyo ni sheria. Mimi naongeza glavu na viatu vinavyofunika vifundo, kwa sababu mkono ndio unaotangulia ardhini.

Injini iliyokerezwa ilee kilomita 500. Usiibane kwenye mwendo mmoja, panda na ushuke, usiifikishe mwisho wa akseleta, wala usiibebeshe mlima kwa gia kubwa. Mwaga oili ya kwanza kwenye kilomita 300 na uitazame juani. Unga mwembamba wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyoshikika si kawaida. Kisha pima valvu tena.

Safari ya kwanza iwe fupi. Kutoka Kisumu kwa njia ya Bondo hadi Kit Mikayi ni mahali pazuri pa kugeuzia: unakaa chini ya yale mawe makubwa yaliyobebana, unagusa vitovu vya magurudumu kujua kama beringi zinapata moto, unakaza nati zilizolegea, kwa sababu zitakuwepo. Ya pili, panda Kakamega kupitia Majengo na Chavakali, usimame Ilesi kwenye jiwe linalolia. Kona za Vihiga zitakwambia kila kitu kuhusu shingo la fremu. Ondoka alfajiri. Radi na mvua ya ziwani mara nyingi huja alasiri, na Kericho hunyesha mawe.

Nikishaiamini, naipeleka hadi Luanda Kotieno na kuipakia kwenye feri ya Mbita, nivuke daraja la Rusinga hadi lilipo kaburi la Tom Mboya. Chini ya kiti nabeba plagi moja, tyubu ya mbele ambayo kwa dharura huingia nyuma, kiungo cha cheni, kebo ya klachi, waya mwembamba, spana ya 10, ya 12 na ya 14, na pampu ya baiskeli. Kwenye feri iegemeze kwa gia ya kwanza, funga kamba kwenye foku, wala usiisimamishe kwa stendi ya kati. Feri ikifika, ngoja magari yashuke, fungua petroli, vuta choki nusu, kanyaga.